Jeneza Tulilokatazwa Kulifungua

Mdogo wangu aliletwa kijijini kwetu Kirushya na gari la jeshi, na gari lilipokwama kwenye tope la mteremko akamaliziwa njia mabegani mwa watu. Jeneza lilikuwa limefungwa kwa skrubu na kufunikwa bendera. Afande aliyekuja nalo alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kanisani. Aliwaita wanaume wa ukoo pembeni, karibu na banda la mbuzi, akawaambia jeneza lisifunguliwe. Baba mdogo, aliyeshika nafasi ya marehemu baba, akamuuliza kwa nini.

"Mzee wangu, naomba mnielewe," afande akasema.

Baba mdogo akauliza tena, akajibiwa vilevile. Hatukumwelewa, lakini tulizika.

Mama alikuwa ndani, amekaa kwenye mkeka, anangoja kuletewa mtoto wake amwone. Kwetu maiti haendi kaburini kabla mama yake hajamgusa uso. Hata aliyefia hospitali ya mbali hufunuliwa kidogo, mama huweka kiganja kwenye paji, hasemi kitu, kisha mambo huendelea. Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia kwamba safari hii haitakuwa hivyo. Aliniangalia kama vile amri ilikuwa yangu. Kisha akainuka, akatoka nje mbele ya watu wote, akaweka kiganja juu ya mbao. Mbao zilikuwa na vanishi ambayo haijakauka vizuri, ikamnata. Akautoa mkono, akaufuta kwenye kitenge.

"Sijui hata kichwa kiko upande gani," alisema.

Askari walipiga risasi hewani, mbuzi wa jirani wakakata kamba, na kabla wali haujapakuliwa wakaaga. Afande alisema wana safari ndefu. Ilikuwa kweli, maana hapa kwetu kila safari ya kwenda mjini ni ndefu. Lakini baba mdogo aliwasindikiza kwa macho hadi gari, lililokuwa limeshanasuliwa topeni, lilipopotea.

"Wamekataa hata kunawa," alisema. "Mtu anayekataa kunawa msibani ana haraka gani?"

Mambo yalianzia hapo. Nitaandika niliyoyaona na niliyoyasikia, na pale nilipodhani tu, nitasema nilidhani.

Mdogo wangu alikuwa mkulima kabla hajawa askari, na baada ya kuwa askari aliendelea kuwa mkulima kila alipopewa likizo. Wenzake wengine wakirudi hushinda senta wamevaa buti ili watu wawaone. Yeye aliyavua buti mlangoni, akavaa kaptura iliyochanika, akaingia shambani. Alikuwa amesikia kwa bwana shamba kwamba shina la mgomba liachiwe watu watatu tu, yaani mama, mtoto na mjukuu, na machipukizi mengine yang'olewe. Mama hakulitaka jambo hilo hata kidogo.

"Mama, shina moja haliwezi kulea watoto wote hawa."

"Mimi nimelea saba."

"Na sisi ndiyo maana tu wembamba."

Walikuwa wakigombana hivyo mchana kutwa, yeye ananyofoa, mama anarudi nyuma yake kuokota machipukizi na kuyapanda kwingine. Ndiyo maana shamba letu limepanuka hadi kwenye mpaka wa kanisa.

Alikwenda jeshini kwa sababu ardhi tuliyogawana ni ndogo na yeye alikuwa wa mwisho. Alipopelekwa nchi ya jirani kwenye vita, alimpigia mama simu akamwambia anakwenda kozi. Mama alijua si kozi. Hakusema kwamba amejua. Alimuuliza tu kama huko wanakula ndizi.

Mimi nimeolewa Runazi, kule Biharamulo, kwa watu waliohamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wao. Nilikuja Kirushya kwa ajili ya mazishi nikiwa na begi dogo, nikijua nitakaa mpaka jembe litolewe. Hii nayo ni desturi yetu. Mtu akifa, katika nyumba ile hakuna anayegusa jembe. Msiba ukiisha watu hunyoa nywele, hunywa pombe ya ndizi kidogo, na asubuhi inayofuata mwenye uchungu mkubwa kuliko wote hutoka na jembe na kupiga udongo wa kwanza. Wengine hufuata. Kabla hajafanya hivyo, hata kama magugu yanafika kiunoni, mnayatazama tu. Ukilima kabla yake, ni kama umemwambia maiti wake hana maana.

Watu walinyoa. Pombe ikanywewa. Asubuhi ikafika, mama akabaki ndani.

Tulidhani amechoka. Kesho yake pia akabaki ndani. Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza, majirani wanapanda maharage, tunawasikia wakicheka huko mashambani mwao, na sisi tumekaa barazani na mbegu kwenye debe. Wifi yangu, mke wa marehemu, alikuwa na mtoto mgongoni na hakuwa na shamba lingine zaidi ya lile. Msimu huo ukimpita, angekula nini mpaka masika? Lakini wifi hakuweza kusema. Mjane akilihimiza jembe, watu humwangalia vibaya.

Basi nikaingia mimi.

"Mama, majirani wanamaliza kupanda."

"Wapande. Wao wamezika nani?"

"Na sisi tumezika."

"Tumezika nini?"

Nilijua alichouliza, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikijiuliza.

Shati la baba mdogo ndilo lililofanya jambo hili liwe na miguu. Nilikuwa mtoni na wifi, tunafua nguo za msiba. Baba mdogo alikuwa amevaa shati jeupe, lile la Misa, na kwenye bega la kulia kulikuwa na madoa ya kahawia, meusi kidogo pembeni. Nikasugua kwa sabuni ya mche. Nikatia ndimu. Yakazidi kukolea. Kwetu hata mtoto anayatambua madoa hayo. Ni utomvu wa mgomba. Ukikudondokea unaonekana kama maji tu, lakini ukishakauka na kukutana na sabuni, nguo hiyo utaivalia shambani mpaka ichakae.

Nikamrudishia shati, nikamuuliza kama alikata ndizi akiwa amelivaa.

"Shati la Misa? Mimi nina wazimu?"

Akalichukua, akaligeuza. Kisha akasema taratibu, "Hili ndilo bega nililobebea."

Jioni ile tulikaa jikoni, mama, baba mdogo, wifi na mimi. Baba mdogo alifunga mlango, jambo ambalo halifanyiki jikoni kwetu kwa sababu ya moshi. Macho yakatuwasha wote. Akasema kwamba tangu siku ile amekuwa na neno moyoni. Amebeba majeneza mengi, anajua uzito wa mtu. Mtu aliyelala ndani ya jeneza anatulia. Lakini lile, walipokuwa wakilipokezana pale kigangoni, kwenye kanisa letu dogo, kitu ndani yake kilisogea.

"Kilibingirika," akasema. "Kama kipande cha mgomba."

Wifi akaanza kulia bila sauti. Mama hakulia. Nilimwona akinyooka mgongo, kama mtu aliyepewa habari nzuri na hataki ionekane.

Ili uelewe kwa nini neno hilo halikuonekana la kijinga, ni lazima ujue kwamba ukoo wetu umewahi kuzika mgomba. Ndugu yake babu alipinduka na mtumbwi kwenye mto Ruvubu, wakamtafuta hawakumpata. Wazee wakakata shina la mgomba lenye urefu wake, wakalifunga kwenye nguo yake, wakalizika kwa heshima zote, ili mke wake anyoe na jembe litolewe. Kaburi lake bado lipo, nyuma ya nyumba ya baba mdogo, na tunalipalilia. Kwa hiyo kwetu sisi, mgomba ndani ya jeneza halikuwa jambo la ajabu. Lilikuwa jambo linalojulikana namna linavyofanywa.

"Hata jeshini kuna watoto wa wakulima wa ndizi," baba mdogo akasema. "Mawazo hayo wamepewa na mtu wa kwetu."

"Kama ni mgomba, yeye yuko wapi?" nikauliza.

"Ametekwa. Au amepotea, na wao wanaona aibu kusema."

"Au yuko hai hospitalini," mama akasema, "hana akili, hajui kwao ni wapi." Alikwisha kumwona tayari, kitandani, na shuka.

Tulikubaliana tusimwambie mtu. Hilo ndilo kosa lililotuchelewesha, ingawa wakati ule lilionekana kuwa busara. Ukishaficha jambo, huwezi kumuuliza mtu yeyote swali la maana. Tukabaki kuchunguzana sisi kwa sisi.

Wa kwanza kuchunguzwa alikuwa wifi. Alikuwa akipigiwa simu. Simu ikilia, anaangalia kioo, anatoka, anakwenda kusimama mwisho wa migomba, anaongea kidogo na kurudi. Mama akaniambia, "Anaongea naye." Kwa mama, aliyekuwa akipiga ni mwanawe aliyejificha mahali fulani, anazungumza na mke na kumficha mama. Mimi sikuwaza hivyo. Niliwaza kwamba mwanamke wa umri ule, na kaburi lile bado lina udongo mwekundu, amepata mwanamume. Nilimchukia bila kumuuliza. Nilianza hata kuhesabu ni mara ngapi anajipaka mafuta.

Siku moja nikamfuata hadi mwisho wa migomba. Alipokata simu akanikuta nyuma yake.

"Ni nani huyo?"

"Ni mtu wa kazini kwake, wifi."

"Anataka nini kwako?"

"Sijui. Anasalimia. Anauliza mama anaendeleaje. Namwambia bado yuko ndani. Ananyamaza muda mrefu mpaka nadhani mtandao umekata, halafu anasema basi, nitapiga tena."

"Hajakwambia kitu kingine?"

"Amesema kwao ni Nemba."

"Na wewe kwa nini unakuja kuongelea huku?"

Akanitazama. "Kwa sababu kule barazani mnaniangalia mdomo."

Nikamtangulia kurudi nyumbani.

Nemba si mbali na kwangu Runazi. Nikampigia mume wangu, nikamwomba achukue pikipiki akaulizie. Mume wangu ni mtu wa ng'ombe, hapendi kuulizia watu, alilalamika kwamba mihogo inaliwa na nguruwe na mimi namtuma upelelezi. Lakini alikwenda. Jioni akanipigia.

"Yupo. Kwao wanalima mahindi. Amerudi likizo, mzima, ila anashinda ndani. Mama yake anasema hata shambani haendi."

"Umemwona?"

"Nimemwona mlangoni. Nilipomwambia mimi ni shemeji wa yule, akaingia ndani."

"Akakwambia nini?"

"Nimekwambia akaingia ndani. Mlango ndio ulionijibu."

Nikampelekea mama habari hiyo, nikidhani itamsaidia. Ikawa kuni kwenye moto. Mtu mwenye ukweli angejifichia nini? Baba mdogo naye akasema kwamba sasa imetosha, hakuna haja ya kubahatisha wakati jawabu liko kwenye ua wetu wenyewe. Alikuja na sururu na wanaume wawili wa ukoo, asubuhi, wakasimama karibu na kaburi. Hakuwa ameomba ruhusa ya ofisi ya kijiji wala ya paroko. Alisema kaburi ni la mtoto wake na skrubu ni skrubu tu.

Mama akatoka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika pale tangu siku ya kuzika. Alikaa chini, juu ya udongo wenyewe, akanyoosha miguu.

"Shemeji," akamwambia baba mdogo, "ukifungua ukakuta mgomba, nitafanya nini? Nitakwenda kumtafuta wapi? Na ukifungua ukamkuta yeye?"

Baba mdogo akaegemea mpini.

"Basi rudisha sururu lako. Mwenye kuuliza ni mimi, na mimi sijasema afukuliwe."

Wale wanaume wawili walifurahi sana kuondoka. Mimi ndipo nilipoelewa kwamba mama hakutaka kujua. Kutojua kulikuwa kumempa mtoto aliye hai nusu, na jembe lilikuwa ndilo litakalommaliza. Nilielewa, lakini maharage yalikuwa bado kwenye debe, na mengine yameanza kuingia wadudu.

Nikaenda senta kutafuta dawa ya wadudu hao. Njia hupita kwenye ule mteremko. Kando ya barabara niliona mashina ya migomba yaliyokatwa, yamelala yakioza, na mengine yamesagwa ndani ya alama za matairi. Mama mmoja, mwenye shamba lile, alikuwa akipalilia. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si wa kule kwenye msiba wa askari?"

"Ndiyo, mama. Ni dada yake."

"Poleni. Na mimi nilikuwa nasubiri mtu wa kwenu apite. Migomba yangu hii, sita yenye mikungu, vijana wameikata bila hodi. Nusu wakaitupia chini ya matairi, nusu wakaipanga hapa kwenye majani, wakaweka jeneza lenu juu yake ili lisiguse tope. Nikasema sawa, msiba hauchagui. Lakini hata mtu wa kuja kusema pole mama, tulikata migomba yako? Hakuna. Mngekuwa mmelilaza juu ya maua, mngeyalipia."

Nilisimama pale kama mjinga. Nikamuuliza jeneza lilikaa juu ya mashina kwa muda gani. Akasema muda wa kutosha, maana gari lilikataa kutoka na askari walikuwa wakilisukuma, na mashina yalikuwa mabichi yanatiririka maji. Ndipo vijana wakachoka kungoja, wakalibeba jeneza hadi kigangoni, na pale baba mdogo na wenzake wakalipokea. Chini ya lile jeneza palikuwa na utomvu wa migomba yake, na baba mdogo aliweka bega papo hapo.

Nilimwomba msamaha kwa niaba ya ukoo mzima. Akasema msamaha ameupokea ila ningekuja na chane moja ya ndizi ingekuwa vizuri zaidi.

Nikarudi mbio, nikawaeleza. Baba mdogo akainama akajikuna shingo, kisha akasema, "Yule mama hajawahi kunipenda." Hilo ndilo lilikuwa kukubali kwake. Tangu hapo hakulitaja tena shati.

Lakini mama alitikisa kichwa. "Utomvu umejibiwa," alisema. "Na kilichobingirika?"

Sitadanganya kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaamini. Shaka ikishalala nyumbani kwenu, hata ukiitoa mlangoni unaendelea kunusa mahali ilipolala.

Nikamwambia wifi ampigie yule kijana wa Nemba na anipe simu. Nilizungumza naye kwa ufupi. Nilimwambia kwamba mama hajatoa jembe, kwamba watu wa nyumba hii hawajapanda, na kwamba akiwa na neno, alilete kwa miguu yake. Alikaa kimya kama wifi alivyosema. Kisha akasema, "Nakuja dada."

Alikuja mchana, na bodaboda, amevaa nguo za kiraia zilizompwaya. Alikuwa kijana wa rika moja na mdogo wangu. Alibeba mfuko wa unga wa mahindi kutoka kwao, hakujua pa kuuweka, akabaki ameukumbatia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Mama alimhoji kwa Kiswahili. Kiswahili cha mama ni cha sokoni, kile anachouzia ndizi, na ndiyo maana maswali yake yalitoka makavu, kama mtu anayeombwa bei asiyoitaka.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, mama."

"Afande wako anajua uko hapa?"

"Hajui. Niko likizo."

"Kwa nini unapiga simu kwa huyu, hupigi kwangu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi nina bunduki?"

Kijana akatazama unga wake. Baba mdogo akamwondolea ule mfuko mikononi, akauweka chini.

"Ulimwona amekufa? Kwa macho yako, si kuambiwa."

"Nilimwona, mama."

"Uso wake ulikuwaje?"

Nilitaka kumkatiza mama, akaninyooshea kidole nisiseme.

"Haukuwepo wa kuonyesha, mama. Lilikuwa kombora. Ndiyo maana waliwakataza. Mimi na mwenzangu ndio tuliomfunga kwenye blanketi. Hakuwa... hakujaza sanduku. Tuliweka nguo zake pembeni ili atulie, lakini njia ni ndefu."

Wifi aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Baba mdogo aliangalia bega lake mwenyewe.

Mama hakuyumba. "Kama uso haukuwepo, ulijuaje kuwa ni wangu? Huko mko wengi."

"Shimoni, kwenye handaki letu, tulikuwa wawili tu. Mimi na yeye."

"Na wewe mbona una uso?"

Sijawahi kusikia swali baya kuliko hilo, na nilijua kwamba alilikusudia.

"Nilikwenda kuchota maji," kijana akasema. "Ilikuwa zamu yake, mama. Alikuwa ameshachukua madumu. Mimi nikamwambia angoje, mguu wangu umekufa ganzi, acha nikaunyooshe, yeye akae. Akacheka, akaniambia nisivunje dumu. Nilikuwa nimefika kwenye maji niliposikia. Niliporudi alikuwa yeye tu pale. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumfananisha naye."

Kuku waliingia sebuleni na hakuna aliyewafukuza.

"Kwa hiyo ingekuwa wewe," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mama yako anajua?"

"Hajui. Ninyi ndio wa kwanza."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, vile anavyotazama mkungu kabla ya kuukata, akiangalia ndizi ya chini. Kisha akasema kwa Kihangaza, lugha yetu, akiniambia mimi, kana kwamba kijana hayupo, "Huyu hakutumwa. Aliyetumwa angekuja na maneno mazuri."

Aliingia chumbani akafunga. Kijana akabaki amekaa. Hakuna aliyemwambia aondoke wala aliyemkaribisha. Baadaye wifi akamletea chakula, akala kidogo, akalala kwa baba mdogo.

Mimi sikulala vizuri. Niliyageuza maneno yake nikitafuta mahali yanapovuja. Nilijiuliza kama mtu anaweza kubuni mguu uliokufa ganzi. Nilijiuliza pia kama jeshi linaweza kuwa na watu wengi wasioonekana uso, na blanketi zikachanganyika. Yule kijana alikuwa ameapa kwa yale aliyoyafunga yeye, hakuapa kwa safari nzima. Nafasi hiyo ndogo ipo mpaka leo, na kuna siku huwa ninaingia humo. Sikumwambia mama.

Asubuhi nilisikia mlango wa mama. Alitoka amejifunga kitenge kiunoni, miguu mitupu, ameshika jembe lake. Alipita mbele ya kaburi bila kusimama. Alifika shambani, akashika mpini vizuri, akapiga udongo. Ulikuwa mgumu juu kwa sababu mvua ilikuwa imepumzika siku chache, jembe likaruka. Akapiga tena, likaingia. Wifi akachukua debe la maharage. Baba mdogo alitokea kwake na jembe begani, akaingia kwenye mstari bila kusalimia mtu.

Maharage tuliyopanda siku ile yalikuwa yamechelewa, na sikuwa na uhakika kama yangetuvusha hadi masika. Lakini tulilima. Mama alikwenda mbele, ameinama, hakuinua kichwa. Kila mara alisimama kidogo kuangalia kama kuna chipukizi la mgomba lililoota katikati ya mstari, na alipolikuta aliling'oa, akalitupa pembeni, akaendelea.

Yule kijana alikuwa amesimama mwisho wa shamba, viatu mkononi. Alikuwa ameshaaga kwa baba mdogo, bodaboda imeshapigiwa simu. Alitutazama, akasogea hatua, akasimama tena.

Mama hakugeuka. Alifika mwisho wa mstari wake, akashika kiuno, akaanza mwingine.

"Mwambie huyo asikanyage mbegu," aliniambia kwa sauti ya kusikika. "Na majembe mengine yako nyuma ya jiko."